Kete iliyobanwa inaweza kutoa cheki?

Wadau, leo kodi za kazini nimeziweka kando kidogo. Ofisini kwetu bodi ya chesi hutoka saa ya chakula cha mchana, na majuzi watu wazima wawili walinuniana kwa sababu ya askofu mmoja.

Mfalme mweupe alikuwa e1, mweusi h7. Ngome nyeusi ikaingia e8 na kutoa cheki. Mweupe akamtoa askofu f3 akamweka e4 kuziba njia, na papo hapo askofu akawa anamwelekea mfalme mweusi kupitia f5 na g6. "Cheki!" Mweusi akakataa katakata. Askofu kabanwa, akiondoka pale mfalme wake anabaki wazi, sasa anamtisha nani? Akataka kusogeza askari wake pembeni.

Hoja hiyo si ya kipuuzi hata kidogo. Lakini sheria za FIDE, kifungu cha 3.9, zinasema mfalme yuko kwenye cheki hata kama kete inayomshambulia haiwezi kusogea bila kumwacha mfalme wake hatarini. Ukitaka sababu, jiulize nani angekufa kwanza. Askofu angemla mfalme mweusi na mchezo ungeisha kabla ngome haijapata zamu. (Mweusi hakukosa jibu: ngome kumla askofu pale e4 ni halali kabisa.)

Sisi wa programu tuna sababu nyingine. Programu ya chesi huuliza maswali mawili: mraba huu unashambuliwa? Hatua hii ni halali? Swali la pili hulitegemea la kwanza, kwa sababu hatua inayomwacha mfalme wako akishambuliwa si halali. Sasa ifuate hoja ya Mweusi. Askofu anashambulia tu ikiwa hatua yake ni halali. Ili ujue hilo, uliza kama ngome inamshambulia mfalme wa e1. Na ngome nayo, je, iko huru kuondoka wakati mfalme wake anatishwa na askofu? Umerudi kwa askofu. Maswali yataitana hivyo mpaka kumbukumbu ijae na programu ianguke.

Ndiyo maana kwenye programu yangu swali la kwanza halijui lolote kuhusu kubanwa. Linasimama kwenye mraba wa mfalme, linatazama mistari, pembe na miruko ya farasi, likikutana na adui anayefika hapo linajibu ndiyo.