Maji Ndiyo Yaliyonipokea Kwanza

Mimi ni fundi wa baiskeli, kibanda changu kiko sokoni Lumakanda, Lugari, magharibi mwa Kenya. Wengi wanaoniletea tyubu zizibwe hawajui kwamba mwezi wa Agosti 2022, mji wa Rubavu nchini Rwanda ulipoandaa mashindano ya Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza, nami niliingia Ziwa Kivu pamoja na wageni wa kila rangi. Unaogelea kilomita 1.9, unaendesha baiskeli kilomita 90, halafu unakimbia 21.1. Zijumlishe kwa maili upate hiyo 70.3. Ni nusu ya Ironman kamili iliyozaliwa Hawaii mwaka 1978, kutokana na ubishi juu ya nani ana pumzi zaidi kati ya muogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Siku ile ya Hawaii walijitokeza watu 15 tu. Mimi, kule Rubavu, nilimaliza. Si kwa nafasi ya kutangazwa redioni, lakini nilimaliza, na mama akaitundika medali sebuleni karibu na kalenda ya kanisa la Marafiki.

Huku kwetu Lugari ukisema unakimbia, hakuna anayekuuliza sababu. Eldoret iko hapo tu, na mabingwa wa dunia tunapishana nao barabarani. Ukiongeza kwamba unaogelea pia, wazee wanakuuliza samaki wako wapi.

Wiki mbili baada ya Rubavu, tarehe 27 Agosti, Suleiman Kangangi wa Team Amani, kijana tuliyemjua sote tunaopanda baiskeli upande huu, alifariki katika mashindano ya baiskeli huko Vermont, Marekani. Mama alisikia habari hiyo akaniita jikoni. "Mwanangu, kimbia tu. Hiyo baiskeli iache." Nilimwambia nitaangalia.

Ajali yangu ilikuja msimu wa kuvuna mahindi, kwenye barabara kuu inayotoka Eldoret kuelekea Webuye na Malaba. Alfajiri ya msimu huo malori hayana mwisho, mengine ya Uganda, mengine ya magunia. Moja lilinipita karibu mno, likanibana pembeni, nikatupwa mtaroni. Halikusimama. Walioniokota ni vijana wa boda boda, wakanifunga mguu kwa vipande vya mbao na leso ya mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika.

Hospitali nitaieleza kwa ufupi kwa sababu aliyelala na mguu ukivutwa kwa mawe ya uzito anajua, na ambaye hajalala hivyo hatanielewa. Chuma cha kuunga mfupa kilihitaji pesa ambazo hatukuwa nazo. Nilingoja. Ng'ombe akauzwa, magunia yaliyotengwa kwa ajili ya karo ya wadogo zangu yakauzwa, kanisa likafanya harambee. Mjomba alileta mtu wa kunyoosha mifupa kwa dawa za kienyeji hadi kwenye mlango wa wodi, mama akamrudisha kwa adabu.

Kuna shemeji yangu ambaye kila alipokuja kuniona alinionyesha kwenye simu habari za Tim Don, yule Mwingereza wa Ironman aliyegongwa na gari Hawaii mnamo Oktoba 2017 akavunjika shingo, akafungiwa fremu ya chuma iliyopigiliwa skrubu kwenye fuvu, na bado Aprili 2018 akakimbia Boston Marathon kwa saa 2 na dakika 49. Shemeji alitaka kunitia moyo. Nasema ukweli, habari ile ilinichosha. Mtu yule alikuwa ameshika rekodi ya dunia, ana wadhamini, ana daktari wake. Mimi nilikuwa nahesabu kama nitaweza kuchuchumaa kukaza spoki.

Kilichonitoa kule chini ni maji, na hilo sikulitarajia hata kidogo. Tangu utotoni kuogelea ndiko kulikokuwa aibu yangu. Nilijifunzia mto Kipkarren, kichwa juu, mikono ikichapa maji kama mtu anayefukuza nyuki. Rubavu nilitoka ziwani nikiwa miongoni mwa wa mwisho. Lakini nilipoanza kutembea kwa magongo, daktari wa mazoezi ya viungo aliniambia nitafute bwawa. Nikawa napanda matatu hadi Eldoret, nalipa kiingilio kwenye hoteli, naacha magongo ukingoni na kujitumbukiza. Ndani ya maji mguu ule haukuwa na uzito. Ardhini nilikuwa mlemavu wa kuonewa huruma na makanga; ndani ya maji nilikuwa sawa na yeyote. Nikapata muda wa kujifunza upya kupumua kwa upande na kunyoosha mkono. Mkimbiaji akivunjika mguu amebaki na nini? Mchezo wetu una milango mitatu, na mmoja ulikuwa bado wazi.

Baadaye nilirudi Rubavu, safari hii kama fundi, nikiwa nimeajiriwa na kikundi cha waendeshaji kuwakagulia baiskeli. Kazi yote huisha usiku wa kuamkia siku yenyewe: breki, gea, mnyororo, vizibo vya ncha za usukani. Asubuhi huna la kufanya ila kutazama, na hapo ndipo nilipoumia. Nilisimama mchangani, mikono ina grisi, milima ya volkeno iko upande wa Goma, na wenzangu wanaingia ziwani bila mimi. Mama alikuwa ameniambia nisiende, nitajitonesha kidonda. Alisema kweli, nacho kilitoneka. Ila ukiwa ndani ya mashindano huoni kitu zaidi ya mapovu na miguu ya aliye mbele yako, na unadhani ni wewe pekee unayekufa. Ukisimama pembeni unaona wote wanatoka majini wakiyumba, hata wale wa mbele. Nilibaki hadi wa mwisho kabisa kwa sababu ndio niliowatafuta. Mmoja wao alichechemea kilomita zote nilizoweza kumuona, na akavuka.

Sasa mguu wangu mmoja ni mfupi kidogo, na mbio zangu ni za kwenda sokoni na kurudi. Mashindano mengi ya aina hii hupokea timu ya watu watatu, kila mmoja na mchezo wake, nami nimeshawaambia vijana wawili wa hapa kwamba ziwa ni langu. Nikipata timu hiyo nitakuwa nimeanza. Michezo yote mitatu peke yangu itafuata mguu ukikubali. Mama hajakubali bado.

Nanyi madereva wa malori mnaopita Turbo na Kipkarren alfajiri, mkiona taa ndogo nyekundu pembeni mwa lami, huyo ni mtu. Mwachieni nafasi.