Mwembe wa Magharibi

Mwaka 1983, nikiwa na miaka minane, nilipelekwa Mkuranga kukaa na bibi, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, imeezekwa makuti, na upenu wake umeshuka chini hata mtu mzima akaingia kwa kuinama. Bomba halikuwapo, wala waya. Usiku tuliwasha kibatari.

Masika ilipokaribia, bibi alikata kuti bichi, akalifunga mshazari kwenye shina la mnazi, ncha yake ikaelekea mdomo wa mtungi. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka na shina, yakalikuta kuti, yakageuka. Aliuweka mtungi pembeni kwanza, maji yakamwagika chini.

"Bibi, yanapotea!" nilimwambia.

"Hayo yanauosha mnazi, mume wangu. Yetu yanakuja nyuma."

Kisha akausogeza mtungi mahali pake.

Sikujua kwamba naonyeshwa namna ya kujenga. Nyumba ile ilinyooka kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yake madogo yakitazama kusini na kaskazini, hivyo upepo wa kusi ulipita ndani, na wa kaskazi nao ukapita. Upande wa magharibi palikuwa na mwembe mkubwa. Kuanzia alasiri jua lilipigana na majani yake, sisi tukiwa barazani tunamenya mihogo.

Mwaka 2009 familia ilinigawia robo eka mahali pale pale. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, nyumba imeanguka, lakini mwembe ungali umesimama. Nilikuwa na fedha kidogo na haraka nyingi. Niliitaka sebule iangalie barabara, na barabara iko magharibi. Fundi akasema mizizi itapasua msingi. Ningeweza kusogeza msingi, eneo lilikuwepo. Niliruhusu ukatwe. Msumeno ulifanya kazi siku mbili, na mbao nyingine zikaishia kuwa mkaa.

Mwaka wa kwanza tu nilielewa nilichokitenda. Saa kumi jioni ukuta wa sebule huwezi kuuwekea kiganja. Bati linalia kwa joto, na tofali hulihifadhi hadi usiku wa manane, tunahamisha magodoro nje.

Nguzo za umeme hazikuwa zimefika kitongojini kwetu. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na kibatari nacho kikawa ghali. Nikanunua sola dukani bila kupiga hesabu ya matumizi yangu, na muuzaji akanipa betri ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia taratibu kila usiku hadi iishe, inakufa. Yangu haikumaliza mwaka. Hesabu yenyewe ingenichukua dakika tano: taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100, runinga ya wati 40 kwa saa nne ni 160, simu na redio haziongezi nyingi. Ukishajua unakula kiasi gani, ndipo unanunua chungu.

Maji ndiyo yaliyoniuma zaidi. Nilikuwa nanunua ya boza, na huku mvua inamwagika kutoka kwenye bati langu na kuchimba mtaro ukutani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa langu ni mita 8 kwa 10, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 ni lita 1,600, hata ukitoa zinazoruka na kumwagika, bado ni madumu zaidi ya sitini. Bibi alikinga shina moja la mnazi. Mimi nilikuwa na paa zima, nisiweke hata gata.

Mwaka huu binti yangu ameomba kona iliyobaki ajenge vyumba viwili. Alikuja na ramani kwenye simu. Nikamwomba kwanza alete mkeka.

Tulikaa pale tangu asubuhi, tukihama na kivuli. Pale alipohisi upepo unaingilia, alichomeka kigingi. Tukakubaliana tangi likae wapi ili gata ilifikie, na bomba la pembeni la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha bati. Choo tukakipeleka mbali, upande wa mteremko. Mkorosho uliopo hautaguswa. Nyumba ndiyo itakayosogea hatua tatu.

Saa kumi alinifuata uani kwangu, akaegemeza mkono ukutani, akauondoa haraka.

"Baba, hapa hapakuwa na mti?"

Nikamweleza yote, hata neno la fundi ambalo ningeweza kulikataa.

Mahali pa kisiki nimepanda mche wa mwembe. Sasa hivi umenifika kifuani, na nimeuzungushia miiba mbuzi wasiufikie. Jioni ile tuliutazama wote wawili. Kivuli chake kilitambaa uani, kikapanda ukutani tofali mbili, jua likazama.