Tulisoma Kitabu cha Binti Yetu

Akina mama wenzetu, yamkini wengi wenu mmekwisha kuinua godoro la mtoto wakati wa usafi mkakuta kitu ambacho hamkukitarajia. Sisi likizo iliyopita tulikuta kitabu. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 16, anasoma kidato cha tatu shule ya bweni, na alikuwa amerudi nyumbani hapa Bariadi. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, jalada jeusi lenye ndege wa rangi ya dhahabu, kurasa zimekunjamana kwa kupita mikono mingi. Jina lake The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa.

Neno njaa ndilo lililotufanya tukae pale pale kitandani tuanze kusoma, badala ya kumwita na kumkaripia. Sisi tunaoandika haya ni muuguzi. Tumefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa karibu miaka ishirini, na njaa tunaipima kwa utepe. Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto mdogo, ukisoma chini ya sentimita 11.5 unaingia kwenye rangi nyekundu, na hapo mama yake hatumwachi aondoke hivi hivi. Basi tulitaka kujua huyo Mmarekani anasema nini juu ya njaa kwa watoto wetu.

Tulikimaliza kwa wiki mbili, usiku baada ya zamu, kamusi ikiwa pembeni. Na tuseme tangu mwanzo: kilituvunja moyo, ingawa si kwa sababu tulizozidhania wakati tunakiinua godoroni.

Mwandishi ni Suzanne Collins, naye alikitoa mwaka 2008. Amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha stesheni za televisheni, huku vijana wakishindana katika mchezo, huku picha za vita vya Iraki, mpaka mambo hayo mawili yakachanganyika kichwani mwake. Hadithi iko katika nchi iitwayo Panem, iliyosimama juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji mkuu una kila kitu. Wilaya kumi na mbili zinaulisha. Kwa adhabu ya uasi wa zamani, kila wilaya hutoa kila mwaka mvulana mmoja na msichana mmoja wa miaka 12 hadi 18, kwa kura. Watoto hao 24 hufungiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima hulazimishwa kutazama. Katniss, mwenye miaka 16, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake Prim.

Kurasa za mwanzo zilitushika kweli. Baba wa Katniss alikufa mgodini kwa mlipuko, na nyumba ikaingia njaa. Kuna mbuzi jike wa maziwa aliyenunuliwa akiwa na jeraha, wakamtibu, akawa tegemeo la nyumba. Mama yeyote wa Itilima au Meatu atamwelewa mbuzi huyo. Halafu kuna ile habari ya nafaka. Mtoto akishafika miaka 12 jina lake linaingia kwenye kura mara moja, na kila mwaka linaongezeka moja. Lakini akiwa maskini anaweza kuongeza jina lake mara nyingine ili apewe nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja kwa mwaka. Anaweza kufanya hivyo kwa kila mtu wa nyumbani, na majina hayo hayafutwi. Tulichukua kalamu tukapiga hesabu. Katniss, mdogo wake na mama yao ni nyongeza tatu kila mwaka, jumlisha jina lake la kawaida ni manne, mara miaka mitano, ishirini. Na kweli kitabuni ni ishirini. Rafiki yake Gale, mwenye ndugu wengi, ana arobaini na mawili.

Hapo tuliweka kitabu chini tukanyamaza kidogo. Sisi tumezaliwa Usukumani. Wazazi wetu walitusimulia ukame wa 1973 na 1974, na ule unga wa mahindi ya njano walioupanga foleni. Tumewaona, mwaka mvua zikikataa na pamba ikikauka shambani, akina baba ambao si wabaya hata kidogo wakianza kumtazama binti aliyevunja ungo huku wakihesabu ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliwaachia njia, kwani msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Msichana mwenye umri ule ule wa watoto wa Panem, na jina lake linawekwa rehani ili wadogo zake wale michembe. Tulifikiri tumempata mwandishi anayejua.

Lakini kura inapochezeshwa, jina linalotoka ni la Prim. Prim ambaye jina lake limo mara moja tu. Ile hesabu yote ya ishirini na arobaini na mawili, iliyotutoa jasho, haikuleta neno. Mwalimu wa fasihi atatuambia kwamba hiyo ndiyo kejeli yenyewe, na huenda ana haki. Sisi tuliona mwandishi ameiwasha taa ya njaa, akatuonyesha chumba, kisha akaizima ili atupeleke kwenye mchezo.

Na mchezo ndio huo tena mpaka mwisho. Kuna treni na meza zilizojaa nyama, kuna washoni wanaomvika binti nguo inayowaka moto, kuna kumbusu kijana pangoni ili watazamaji wapendezwe na kutuma zawadi. Tunakiri kwamba wanapoletewa chakula kizuri baada ya siku za njaa wanakula kidogo kidogo wasije wakatapika, na hapo mwandishi yuko sahihi. Wodini nasi mtoto aliyekonda sana tunamwanza na maziwa mepesi, kidogo kila baada ya saa chache. Kifo cha Rue, mtoto wa miaka 12, na maua ambayo Katniss anamfunika nayo, kilitutoa machozi. Hata hivyo hakuna mtu katika kitabu kizima anayeomba. Hata mama mmoja, katika wilaya zote kumi na mbili! Hatusemi mwandishi alipaswa kutuhubiria, ila mama ambaye mtoto wake amechukuliwa atalia kwa mtu fulani, na sisi hatujamwona wa kimya namna ile.

Maana wamama wale wako wapi? Watoto 24 wametoka matumboni mwa wanawake, na kitabu hakitupeleki nyumbani kwa hata mmoja wao mchezo ukiendelea. Anayetajwa zaidi ni mama wa Katniss, naye ndiye aliyetuuma. Ni mganga wa mtaa, ametoka ukoo wa wauza dawa, watu hubebwa mpaka mezani kwake wakiwa wameungua na kuvunjika. Mume alipokufa alikaa akitazama ukuta, na Katniss akiwa na miaka 11 akawa ndiye anayetafuta chakula. Wanapoagana, binti anamwonya mama asije akajifunga tena namna ile. Mama anajitetea kwamba alikuwa mgonjwa, na angejitibu kama angekuwa na dawa alizo nazo sasa. Basi. Sentensi moja au mbili, na binti hasamehe sana, na hadithi inakimbilia kwenye treni. Mwandishi alikuwa na mwanamke huyo mkononi akamwacha jukwaani.

Ilikuwa karibu na habari za mama huyo, akikaa kitini bila kupika, kwamba tulikuta mstari wa kalamu ya buluu pembeni. Kitabu kimepita mikono mingi, tungeweza kujidanganya. Ila chini ya mstari kulikuwa na neno moja, "2018", na ile nane tunaijua. Huifunga kwa juu kama fundo, tangu darasa la kwanza.

Mwaka 2018 tulipoteza mimba ya miezi minane. Sisi tunaowafundisha akina mama dalili za hatari. Tulirudi nyumbani tukalala, na likizo ikaisha tukaendelea kulala. Baba watoto alikuwa kazini Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akija mwisho wa wiki. Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa akiwasha jiko, anamkorogea mdogo wake uji, anamvalisha, anatuletea kikombe kitandani na kukichukua kikiwa bado kimejaa. Mama mchungaji alikuwa akija kila Jumatano, na ndiye aliyetupeleka kwa daktari. Sonona, alisema daktari, neno ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumeliandika kwenye faili za wengine. Tulipata dawa, tukapona. Na tangu siku tuliyoinuka hatukuwahi kumweleza mtoto yule kitu chochote. Tulidhani amesahau.

Jioni ile tulimkuta jikoni akichambua mchele. Tukamrudishia kitabu, tukamwambia tumekisoma, na kwamba sehemu ya mama imeandikwa haraka mno.

Aliendelea kutoa mawe. Kisha akasema, "Mama, mimi nilifikiri umenikasirikia. Nilifikiri ni kwa sababu uji ulikuwa unaungua."

Tulimwambia ilikuwa ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na kwamba uji wake tuliukumbuka. Tulimwambia jina la mtoto, maana hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na jina.

"Na ukiugua tena utatuambia?"

Tukasema tutamwambia. Akatupa upande mmoja wa ungo tushike, tukamalizia mchele ule pamoja kabla giza halijaingia.