Nusu Mbili Zilizo Sawa

Washairi wetu hupenda kulifananisha shairi la jadi na kioo: ukwapi upande huu, utao upande ule, mizani nane kwa nane. Ni mfano unaopendeza masikioni, nami naukataa. Sababu yangu nimeipata kwenye jometri, elimu ambayo wengi katika baraza zetu huiona ngeni kwa ushairi.

Mpwa wangu, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne, aliniletea swali: mstatili uakisiwe kwenye mistari ipi ili ujilalie wenyewe? Alikuwa amelisoma kwa Kiingereza, kama hesabu zisomeshwavyo katika skuli za sekondari, na nilipomtaka anieleze kwa lugha yake akanijibu, "Mjomba, haya hayasemeki kwa Kiswahili." Neno hilo liliniuma kuliko swali lenyewe. Lugha iliyohesabu mizani ya tenzi ndefu kwa karne kadhaa ishindwe na umbo la pande nne? René Descartes, ambaye kwake tumerithi desturi ya kuitambulisha nukta kwa namba, alichapisha jometri yake mwaka 1637 kwa Kifaransa cha watu wake, si kwa Kilatini cha wanazuoni.

Basi tukayasema. Chora vipeo vinne: A (1, 1), B (7, 1), C (7, 5) na D (1, 5), namba ya kwanza, x, hupimwa kwa mlalo, na ya pili, y, kwa wima. Simamisha kioo pale ambapo x ni 4. Kila nukta huvuka kioo kwa umbali ule ule iliyokuwa nao: kimo chake hakibadiliki, na x yake huwa 8 kutoa x ya mwanzo. A huiangukia B, D huiangukia C. Kisha laza kioo pale ambapo y ni 3. A huenda D, na B huenda C. Vioo viwili.

Mpwa wangu akataka kuongeza cha tatu, mshazari wa A hadi C, kwa kuwa huukata mstatili pembetatu mbili zilizo sawa kabisa. Hoja nzuri. Tukaukunja ukurasa juu ya mshazari huo. A na C hazikutikisika, lakini B, badala ya kuikuta D, iliangukia karibu na (3.3, 6.5), nje ya umbo. (Ungekuwa mraba, mshazari ungefaa, ndiyo maana mraba una vioo vinne.)

Pembetatu zile ni sawa kweli, ila usawa wao si wa kioo. Zungusha ukurasa nusu duara kwenye nukta (4, 3), na ABC italala juu ya CDA. Mzunguko huo ndio uupatao ukiakisi kwa kioo cha wima, kisha kwa cha mlalo. Msambamba wa kawaida hauna kioo hata kimoja, ila mzunguko huo unao.

Sasa tulirudie shairi. Kina cha kati huketi kwenye silabi ya 8, cha mwisho kwenye ya 16. Ukiukunja mshororo katikati, ya 8 itakutana na ya 9, na ya 16 itakutana na ya 1, silabi isiyodaiwa kina chochote. Kinachoupeleka ukwapi kwenye utao ni hatua: sogea mizani nane mbele, na nafasi ya kina itakaa juu ya nafasi ya kina. Waghani wanalijua hilo kwa pumzi zao. Hutua baada ya silabi ya 8, kisha huuanza upya mwendo ule ule, hawaurudi kinyumenyume.

Mpwa wangu aliyaandika haya yote kwa Kiswahili nyuma ya daftari lake, akaniuliza pembesita yenye pande sawa na pembe sawa ina vioo vingapi. Ni sita: vitatu hupita kwenye vipeo, vitatu katikati ya pande.