Peckham: Lagos ndogo ya London na kamba ya kuku mgeni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, tena niliitumia katika insha za mtihani mara nyingi, lakini maana yake kamili sikuipata mpaka nilipozuru mtaa mmoja kusini-mashariki mwa jiji la London, mwezi wa Oktoba, 2025.

Mtaa wenyewe huitwa Peckham. Wengi hupenda kuuita Lagos Ndogo kutokana na wingi wa Wanigeria wanaoishi na kufanya biashara humo.

Nilikuwa London kwa shughuli nyingine za kikazi, lakini dada yangu mkubwa alikuwa amenituma kazi yake kabla sijapanda ndege. Bintiye alihitimu stashahada ya biashara miaka miwili iliyopita na hadi wakati huo alikuwa akizunguka na bahasha mkononi bila ya kupata kazi. Hatimaye alikutana na wakala mmoja jijini Nairobi aliyemwahidi kazi ya kutunza wazee nchini Uingereza. Malipo: Sh650,000.

Dada ana ploti Kitengela, aliyoinunua kwa fedha za chama baada ya kuuza mitumba kwa miaka tisa. Mnunuzi wa ploti hiyo alikuwa amekwisha patikana.

"Kabla sijatia sahihi, ndugu yangu, nenda ukajionee kwa macho yako," aliniambia. "Wanigeria ndio waliotangulia huko. Waulize kama maisha ni mazuri kweli, ama ni zile picha tu za simu."

Basi Jumamosi moja asubuhi nilipanda basi nambari 12 pale Elephant and Castle. Tulipita Camberwell, na baada ya muda si mrefu nikashuka Peckham, nikafuata barabara ya Rye Lane kwa miguu.

Msomaji mpendwa, kama si baridi iliyokuwa ikinitafuna masikio, ningeapa kwamba nimeshuka Gikomba. Viazi vikuu vilipangwa kando ya njia kama kuni. Kulikuwa na ndizi za kupika, samaki wakavu, pilipili za kila rangi na konokono wakubwa kama ngumi, wangali hai ndani ya ndoo. Wanawake waliovaa vilemba vya fahari walibishana bei na wachuuzi kwa sauti za juu. Muziki ulitoka kila mlango.

Dukani niliona mifuko imeandikwa GARI, nikacheka peke yangu. Kumbe huo ni unga wa muhogo uliokaangwa, chakula ambacho Mnigeria hawezi kukisahau hata akiishi ng'ambo miaka hamsini.

Wanigeria hawakuanza kufika London jana. Miaka ya 1950 na 1960 wengi walikuja kusoma, wakiwa na nia ya kurudi kwao kushika vyeo. Mwandishi Buchi Emecheta alifika mwaka 1962 akiwa na watoto wadogo, kumfuata mumewe aliyekuwa akisoma. Ndoa ilipovunjika alibaki na watoto watano, akafanya kazi huku akisoma hadi akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London. Riwaya aliyoitoa mwaka 1974 kuhusu maisha hayo aliipa jina linalomaanisha raia wa daraja la pili. Hata hivyo, aliendelea kuishi London na huko ndiko alikofariki mwaka 2017.

Siku hizo naira ilikuwa na nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 naira moja ilizidi dola moja ya Marekani. Kisha bei ya mafuta ikaanguka, mapinduzi ya kijeshi yakafuatana, na kuanzia mwaka 1986 thamani ya naira ikaporomoka. Pigo lingine lilikuja Juni 2023 serikali ilipoiachia naira ijitafutie bei sokoni. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa naira 460 hivi. Mwaka 2024 ilipita naira 1,500.

Ndipo neno japa likaenea midomoni mwa vijana. Ni neno la Kiyoruba lenye maana ya kutoroka, kukimbia bila ya kutazama nyuma. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu takriban watu 270,000 waliozaliwa Nigeria wakiishi Uingereza na Wales, na wengine wengi waliingia baada ya sensa hiyo.

Mmoja wao nilikutana naye kwenye foleni ya viazi vikuu. Ni mama wa miaka arobaini na ushei, mzaliwa wa Ibadan. Aliposikia lafudhi yangu aliniuliza nimetoka wapi, na nilipomweleza ombi la dada yangu, alicheka kisha akanyamaza kidogo.

"Nisaidie kubeba huu mfuko, kaka yangu," alisema. "Nitakwambia ukweli ambao mama yangu mzazi sijamwambia."

Tuliketi katika mkahawa mdogo, kila mmoja na sahani ya wali mwekundu wa jollof. Mama huyo alikuwa mkuu wa kitengo katika benki moja mjini Ibadan. Alikuwa na gari, msichana wa kazi na ofisi yake mwenyewe. Novemba 2022 alihamia London na mumewe na watoto wao wawili kwa kibali cha kutunza wazee, kibali ambacho Uingereza ilikuwa imekifungua mwaka huohuo kwa kukosa wafanyakazi. Wanigeria, pamoja na Wahindi na Wazimbabwe, walikuwa miongoni mwa waliokichangamkia zaidi.

Sasa yeye huamka saa kumi alfajiri. Huenda kutoka nyumba hadi nyumba akiwaogesha wazee, akiwabadilisha nguo na kuwalisha. Mumewe, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa fizikia, hulinda ghala usiku.

"Tunakutana mlangoni," alisema. "Mimi natoka, yeye anaingia. Hiyo ndiyo ndoa ya London."

Nilimuuliza kuhusu fedha, maana hilo ndilo dada alitaka kujua kwanza.

Hapa inafaa tufanye hesabu. Kuanzia Aprili 2025 mshahara wa chini kabisa nchini Uingereza ulikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu aliyetimiza miaka 21. Nchini Nigeria, mshahara wa chini uliopitishwa Julai 2024 ni naira 70,000 kwa mwezi. Kwa bei ya mwaka 2025 pauni moja ilikuwa kama naira 2,000. Yaani saa tatu za kumwogesha mzee London, kabla ya kodi, zilizidi mshahara wa chini wa mwezi mzima Nigeria. Nani atamlaumu kijana anayepiga hesabu hiyo akiwa Lagos na kuamua kukimbia?

Lakini anayetafuta kwa pauni hutumia kwa pauni. Mama huyo hulipa kodi ya nyumba pauni 1,700 kila mwezi kwa vyumba viwili juu ya duka. Bado nauli, umeme na joto la nyumba. Tena mwajiri wake humlipa dakika anazokaa na wazee pekee. Muda wa kungojea basi na kusafiri kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine haumo katika hesabu. Hutoka nyumbani kwa saa kumi na mbili, akalipwa saa nane.

Hata hivyo, hakuna mwezi ambao hajatuma pauni 200 kwa mama yake. Hizo ni kama naira 400,000. Zinalipa dawa za mama, karo ya mdogo wake wa chuo kikuu na mchango wa kila harusi na mazishi. Yeye na wenzake wanane wana ajo, yaani chama cha kupokezana fedha kama vyama vyetu vya Nairobi, na fedha za zamu yake ya kwanza zilikwenda zote Ibadan kuezeka paa.

Kama ni hivyo, kwa nini hamwambii mama yake ukweli?

"Nitamwambia nini?" aliuliza. "Kwamba bintiye aliyekuwa akisalimiwa na mlinzi wa benki sasa anasafisha vinyesi? Atalia, na dawa zake bado zitahitaji kununuliwa. Basi mimi humpigia picha nikiwa nimevaa koti zuri, na daraja la mto Thames liko nyuma yangu."

Ndipo aliponieleza kuhusu kamba. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akimfukuza, au serikali ikiifuta leseni ya kampuni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye leseni, ama aondoke na watoto wake. Si hofu ya bure. Tangu mwaka 2022 serikali imefuta leseni za mamia ya kampuni za kutunza wazee, nyingine kwa kuwadhulumu wafanyakazi, na waliodhulumiwa ndio walioachwa wakihangaika kutafuta kazi.

"Kwa hivyo dakika zangu zikipunjwa nafunga mdomo," alisema. "Nahesabu miaka mitano ili niombe ukaazi wa kudumu. Imebaki miwili."

Hata hiyo miwili haina uhakika. Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuurefusha muda huo hadi miaka 10 kwa wengi.

Tulipomaliza kula alinipeleka kumchukua mwanawe wa kiume katika maktaba ya Peckham. Ni jengo la ajabu, lenye rangi ya kijani, sehemu yake ya juu ikiwa imechomoza mbele na kushikiliwa na nguzo nyembamba. Lilishinda tuzo kubwa ya usanifu wa majengo Uingereza mwaka 2000.

Mwaka huohuo, Agosti, familia ya akina Taylor ilifika Peckham kutoka Nigeria, ikitafuta matibabu ya binti yao. Novemba 27 mtoto wao Damilola, wa miaka 10, alikuwa akitoka katika maktaba hiyo jioni alipodungwa kwa kigae cha chupa, akafariki kwenye ngazi za jengo la makazi. Ndugu wawili waliokuwa watoto wakati wa tukio walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2006.

Katika mtaa huohuo alizaliwa John Boyega mwaka 1992, mwana wa wazazi waliotoka Nigeria. Mwaka 2015 ulimwengu mzima ulimwona katika filamu ya Star Wars.

Mama yule anavijua visa vyote viwili. Ndiyo maana kila Jumamosi humfuata mwanawe mpaka mlangoni, ingawa kijana ana miaka 14 na anaona haya mbele ya wenzake. Kijana alitoka na vitabu vitatu vya hisabati, akanisalimu kwa adabu, akazungumza na mama yake kwa Kiingereza cha London. Kiyoruba anakielewa, lakini hujibu kwa nadra.

"Shule hatulipii," mama aliniambia kando. "Stima haipotei akisoma. Mimi nilikuja kwa ajili ya hawa. Maisha yangu yalikuwa mazuri zaidi Ibadan. Maisha yao ni mazuri zaidi hapa. Sasa wewe piga hesabu hiyo unipe jibu."

Sikuwa na jibu.

Kwenye benchi nje ya maktaba tulimkuta mzee mmoja, jirani yake, mzaliwa wa Ijebu-Ode. Alifika mwaka 1984 akisema atakaa miaka mitano. Aliendesha basi hadi alipostaafu. Kila alipopanga kurudi, naira ilianguka tena, ama mtoto mwingine alianza shule. Amejenga nyumba ya vyumba vinne kwao, kazi iliyomchukua miaka ishirini.

"Ni nyumba nzuri sana, kijana wangu," alisema. "Mlinzi wangu ndiye anayelala ndani yake."

Wajukuu zake wako London, hospitali yake iko London, na mkewe amezikwa London.

Kabla ya kuagana, yule mama aliniuliza mpwa wangu ameahidiwa kazi gani hasa.

"Kutunza wazee, kama wewe," nilimjibu. "Wakala anasema vibali viko tayari."

Alisimama ghafla katikati ya njia. "Kaka, mlango huo ulifungwa! Tangu Julai mwaka huu hawachukui tena watunzaji wapya kutoka nje. Hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, aliyekuja hakuruhusiwa kuleta watoto. Mpigie dada yako sasa hivi."

Nilipiga simu papo hapo, tukiwa tumesimama karibu na bucha. Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa jioni. Mkataba wa ploti ulikuwa utiwe sahihi Jumatatu.

Niliporejea nyumbani nilihakikisha maneno hayo katika taarifa za serikali ya Uingereza yenyewe, na kweli kibali hicho kilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 22, 2025. Wauguzi waliosajiliwa bado wana njia yao, lakini mpwa wangu si muuguzi. Tulipomfuata wakala, ofisi yake ilikuwa na kufuli.

Ploti ya dada ingalipo. Mpwa wangu alinisikiliza nikisimulia habari zote za Peckham: kuamka saa kumi, dakika zisizolipwa, mzee na nyumba yake tupu. Aliponiacha nimalize aliuliza swali moja tu.

"Mjomba, kama huko ni kubaya hivyo, mbona yule mama harudi kwao?"

Nilimwambia kwamba swali hilo nami nilimuuliza mama yule palepale kituoni, basi likikaribia. Alimshika mwanawe bega, akasema atarudi siku kijana huyu atakapomaliza chuo kikuu.

"Anayo miaka kumi na minne," mpwa wangu alisema polepole, akihesabu kwa vidole.