Siku Ile Nilishika Baiskeli

Mwezi huu sikuandaa somo la vichwa vitatu kama kawaida yangu. Nina jambo lililonipata hapa Lusenda, nami naliandika kabla sijaogopa tena.

Jumamosi moja jioni vijana wa kanisa walileta sinema katika klé ya mmoja wao. Tukatoa meza ya Shule ya Jumapili, tukaweka kompyuta juu yake, betri ya jua chini. Walikuja vijana zaidi ya arobaini. Wengine ni watoto wa hapa kijijini, wengine ni Warundi wa kambi iliyofunguliwa hapa Lusenda mwaka 2015, wazazi wao walipokimbia machafuko ya Burundi ya mwaka huo. Katika korali wanaimba sauti moja, lakini kwenye mabenchi bado kila kundi linakaa upande wake.

Sinema inaitwa Petit Pays, maana yake Nchi Ndogo. Ilitengenezwa na Mfaransa Éric Barbier, ikatoka mwaka 2020. Imetokana na kitabu cha Gaël Faye cha mwaka 2016, ambacho mwaka ule ule wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa walikichagua kwa tuzo yao ya Goncourt. Mwandishi huyo alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa, mama yake Mnyarwanda, na mwaka 1995 vita vikamtoa kwao akaenda Ufaransa.

Hadithi ni ya mtoto Gabriel, wanamwita Gaby, mwenye miaka kama kumi. Anakaa Bujumbura pamoja na wazazi wake na dada yake mdogo Ana. Kazi yake ni kucheza na rafiki zake wa barabara moja na kuiba maembe ya majirani. Halafu wazazi wanaachana. Mwezi wa sita 1993 kuna uchaguzi na Ndadaye anashinda. Tarehe 21 mwezi wa kumi anauawa, na damu inaanza kumwagika. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yanaingia Rwanda. Mama anakwenda huko kutafuta jamaa zake. Anaporudi, ni mwili tu umerudi.

Sinema ilipokwisha hakuna aliyesimama. Kisha maneno yakaanza, na nawaambia kweli hayakwisha kwa wiki tatu. Walibishana kwenye bomba la maji, walibishana kwenye mazoezi ya korali. Mzee mmoja wa kanisa alinilaumu, akisema, “Pasta, unaleta mambo ya damu mbele ya watoto?” Nikamjibu, “Mzee wangu, watoto hawa damu waliiona mbele ya sinema.” Hata hivyo sikumdharau. Mara ya pili tuliwarudisha wadogo nyumbani.

Kila mmoja aliona lake. Baba mmoja Mrundi alikaza macho mpaka mwisho, akasema, “Hapana Buja hii. Buja ninaijua.” Alikuwa na haki, maana sinema ilipigwa Rwanda. Dada mmoja wa kambini alisema, “Huyu mtoto ana mupishi na shofere. Siye tulikuwa na jembe. Lakini yule mama, ni mama yangu kabisa. Anakaa, anaangalia ukuta.” Hakuongeza neno, wala sisi hatukumuuliza.

Kuna mwalimu wetu mmoja aliyekuwa na kitabu chenyewe. Alikileta mara ya pili, kimefunikwa kwa gazeti. Alitueleza kwamba ndani yake kuna hata safari ya kuja Bukavu, enzi za Zaire, na vijana wa hapa wakapiga makofi kama vile timu yao imefunga bao. Hapo ugomvi ukawa mkubwa zaidi. Kijana mmoja akasema, “Mimi minaona sinema ni muzuri kuliko kitabu, juu watu unawaona na macho.” Mwalimu akamwambia, “Katika sinema unaona Gaby anafanya nini. Katika kitabu, Gaby mwenyewe amekuwa mutu mukubwa, anakuambia alichofanya. Si kitu kimoja.”

Kisha akafungua karibu na mwisho, akatutafsiria kidogo kidogo kutoka Kifaransa. Baba wa rafiki yake Gaby ameuawa. Kundi la vijana linamkamata mtu mmoja, wanasema ndiye muuaji. Wanamfungia ndani ya gari, wanamwaga petroli. Wakubwa wanampa Gaby kiberiti cha chuma, wanamwambia kwamba asipokitupa yeye, jamaa yake wataumia. Gaby anakitupa.

Kimya. Halafu kelele. “Walimulazimisha!” “Alitupa ni yeye!” “Ni mutoto!” “Na yule wa ndani ya gari, hakuwa mutoto wa mutu?”

Ndipo kijana mmoja wa korali, aliyekuwa hajasema lolote tangu mwanzo, akauliza polepole, “Pasta, na kama wanakuambia ukikatala, mama yako ataona, unafanya je?”

Ndugu msomaji, nimekuwa mchungaji miaka mingi. Nilijua kwamba swali lile halikuwa la Gaby. Nilikuwa na jibu la shule ya Biblia tayari mdomoni, la majaribu na mlango wa kutokea. Lakini macho ya kijana yule yalinirudisha mahali ambapo sikuwahi kumpeleka mtu yeyote, hata mke wangu.

Nikawaambia hivi.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 15. Vita vilikuwa vinakuja, na kabla vita havijafika, maneno yalifika. Nyumba fulani zikaanza kuitwa nyumba za adui. Moja ilikuwa ya mwanafunzi mwenzangu. Tulikaa benchi moja, na kalamu ya bluu tulikuwa nayo moja, asubuhi yake, mchana yangu. Jioni moja vijana wakubwa walinikuta barabarani, wakasema wanakwenda kutoa mabati ya nyumba ile. Nikasema nyumbani wananingoja. Mmoja akaniambia, “Kama hauendi, basi wewe ni wa kwao.”

Nilikwenda. Bati hata moja sikuligusa. Walinipa baiskeli zao mbili nizishike kwenye njia, nipige mluzi mtu mzima akipita. Nikasimama pale, mkono huu baiskeli, mkono huu baiskeli, nikisikia misumari ikilia inapong'olewa. Mwenzangu akatoka na mama yake na godoro. Akaniona. Hakunitukana. Aliangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akapita.

Haikupita muda mrefu na sisi tukakimbia. Tulivuka ziwa usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1996. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya shitingi yetu, mama yangu alilia kwa ajili ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nasikia misumari.

Kwa karibu miaka 30 nilijiambia, “Mimi sikutoa bati. Mimi nilishika baiskeli tu.” Nimehubiri juu ya Stefano mara nyingi. Nimesema juu ya mawe, nimesema juu ya mbingu iliyofunguka. Yule kijana Sauli aliyekaa kando akitunza nguo za wenye kupiga mawe nilimpita haraka kila mara. Sasa someni Matendo 22. Miaka imepita, Sauli amekuwa Paulo, mtume mkubwa. Hakuna aliyekuwepo pale anayemkumbusha. Yeye mwenyewe, katika kuomba kwake, anasema kwamba alikuwepo, alikubali, alitunza nguo. Haongezi kwamba alikuwa kijana tu.

Nilipomaliza, mabenchi yalikuwa kimya. Nikamgeukia yule kijana, nikamwambia, “Mwanangu, sina jibu la kukufanya usiogope. Niliogopa, na woga ule haukuwa dhambi. Dhambi yangu ni kwamba niliogopa peke yangu. Nilikuwa na baba, nilikuwa na mwalimu, nilikuwa na pasta. Hakuna niliyemwambia, si kabla, si baada. Wewe usiogope peke yako.”

Usiku ule ule alibisha mlango wangu. Wenzake waliomtangulia machimboni walikuwa wamerudi na bunduki, wanamtaka, wamemtajia mama yake kwa jina. Sitasema zaidi. Tuliketi na mama, mjomba, na mzee yule aliyenilaumu kwa sinema. Mzee ndiye aliyetoa nauli ya boti. Kabla ya Jumapili kijana alikuwa mji mwingine, na mama yake pamoja naye. Mpaka leo wazima, na ananiandikia kwenye simu kwamba anatafuta kile kitabu.

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa sinema. Vijana wangu wanaendelea kubishana kama filamu inapita kitabu, na mimi nawaacha, maana tangu siku ile wanakaa wamechanganyika. Lakini neno la mwalimu limenibaki. Mtoto huwa mtu mzima siku anapoweza kusema mwenyewe alichofanya. Ndevu hazimfanyi mtu mzima, wala dhahabu ya kwanza ya Misisi, wala bunduki.

Wazazi, ninawaomba. Mtoto akirudi jioni amenyamaza, bugali ameacha, msimpigie kelele kwanza. Kaeni naye nje, hata bila maneno. Pengine ameshika baiskeli ya mtu.

Na wewe mwenzangu wa benchi moja, kama uko hai na gazeti hili limefika ulipo, mimi ndiye. Nilikuwepo. Baiskeli nilizishika mimi. Najua kuomba msamaha hakurudishi mabati. Lakini nyumba yangu ya Lusenda ina mlango, na siku utakayobisha, mtu wa kwanza kutoka nje nitakuwa mimi.