Fred Willard na Swali la Kijinga

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na sababu ninayo. Nilichemsha kazini, na mtu akichemsha hupenda kujificha kwanza. Leo nimeamua kusema.

Ilikuwa hivi. Nilitumwa kwenye mkutano na waandishi wa habari kuhusu mradi wa maji utakaopita mitaa kadhaa, ukiwemo mtaa ninaokaa. Mheshimiwa mmoja akasimama, akakohoa kidogo, akatangaza kwamba upembuzi yakinifu umekamilika. Sote tukainamisha vichwa tukaandika. Upembuzi yakinifu! Neno hilo nimeliandika mara nyingi na kila nikiliandika najiona msomi. Swali likanijia pale pale: ukishakamilika ndiyo nini? Kesho wanachimba mitaro, au kuna karatasi tu kabatini? Nikatazama kulia, wenzangu wanaandika. Kushoto, wanaandika. Nikaona nikiuliza nitaonekana wa kuja, mtu ana digrii yake halafu anauliza swali la darasa la nne. Nikajikausha.

Stori ikatoka. Jioni nafika nyumbani, mama mwenye nyumba yuko barazani na gazeti mkononi, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo mama."

"Hongera. Sasa maji yanatoka lini?"

Jamani! Jina langu liko juu ya stori na jibu sina. Nikababaisha, eti bado wanaendelea na taratibu. Akakunja gazeti polepole, akasema asante. Hiyo asante ndiyo iliyoniuma.

Usiku huo sikutaka kusikia habari yoyote. Nikafungua kompyuta nikaweka filamu niliyopewa kwenye flashi na jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja pale Mlimani. Inaitwa Best in Show, ya mwaka 2000, imeongozwa na Christopher Guest. Inahusu watu wanaopeleka mbwa wao kwenye mashindano makubwa kule Philadelphia. Siyo mbwa wa kulinda geti. Hawa wanachanwa nywele na kupelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia. Imetengenezwa kama makala ya kweli ya televisheni, kumbe ni utani mtupu.

Ndani yake kuna mtangazaji anaitwa Buck Laughlin. Huyu bwana amepewa kazi ya kutangaza mashindano ya mbwa na hajui chochote kuhusu mbwa. Pembeni yake amekaa mtaalamu wa Kiingereza, mtaratibu, anajibu kila kitu kwa heshima huku roho inamtoka. Buck anauliza kwa nini mbwa wa kunusa wasivalishwe kofia na kiko kama Sherlock Holmes. Katikati ya matangazo anamwuliza mwenzake anadhani yeye Buck anaweza kunyanyua chuma cha uzito gani. Hana aibu hata chembe. Anauliza huku uso unang'aa kama mtoto aliyepelekwa baharini mara ya kwanza.

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka, maana nilijiona mimi. Buck hajui na anauliza. Mimi sijui na nimekaa kimya. Nani kichekesho hapo?

Basi nikaanza kumchimba huyo mwigizaji. Anaitwa Fred Willard. Alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Ohio. Alimaliza chuo cha kijeshi cha Virginia mwaka 1955, akatumikia jeshi Ujerumani, kisha akaenda New York kutafuta uigizaji. Mwaka 1965 akaingia The Second City ya Chicago, na hapa naomba tutulie kidogo.

The Second City ilianzishwa mwaka 1959, na mmoja wa waanzilishi wake ni Paul Sills. Mama yake Sills, Viola Spolin, ndiye aliyebuni michezo ya kufundishia uigizaji wa papo kwa papo, mingine akiijaribu kwa watoto wa wahamiaji mjini Chicago ambao hata lugha moja hawakuwa nayo. Mwigizaji anapanda jukwaani hana maneno aliyokariri. Watazamaji wanapendekeza kitu, mahali au mtu, mchezo unaanza hapo hapo. Vinavyochekesha vinachukuliwa, vinapigwa msasa, vinaingia kwenye onyesho linalofuata.

Watu wengi wanadhani kazi hiyo inataka mtu mwenye mdomo. Siyo. Sheria yake kubwa ni kukubali alichokisema mwenzako halafu kuongeza chako. Mwenzako akisema mko ndani ya meli inayozama, huwezi kumjibu kwamba hapa ni jukwaani hakuna bahari. Unaitikia ndiyo, halafu unauliza nani amebeba ndoo. Na huwezi kuongeza kama hukusikia. Kwa hiyo kazi yenyewe, kabla ya mdomo, ni masikio.

Rudini sasa kwa Buck Laughlin. Guest na mwandishi mwenzake Eugene Levy waliandika wahusika na mpangilio wa matukio, lakini maneno waliwaachia waigizaji wayatoe wenyewe mbele ya kamera. Yale maswali ya Buck, Fred aliyatoa kichwani mwake pale pale, na mwenzake Jim Piddock akayajibu bila kucheka. Inasemwa wazi kwamba mfano wa Buck ulikuwa Joe Garagiola, mchezaji wa zamani wa besiboli aliyepewa kutangaza mashindano ya mbwa ya Westminster kwenye televisheni. Mtazame vizuri mtaona jambo. Buck hamsikilizi mtaalamu hata kidogo, lakini Fred anamsikiliza Piddock neno kwa neno. Asingemsikiliza, asingejua pa kukosea.

Na hicho kipaji hakikuota kama uyoga. Mwaka 1977 alikuwa kwenye Fernwood 2 Night, kipindi cha utani kuhusu kipindi cha mahojiano cha mji mdogo, yeye akiwa Jerry Hubbard, msaidizi wa mtangazaji Barth Gimble aliyeigizwa na Martin Mull. Mwaka 1984 akatokea dakika chache kwenye This Is Spinal Tap kama ofisa wa jeshi anayekaribisha bendi ya roki kambini, amechangamka mno, haoni kwamba wageni wake ni watu wa ajabu. Mtu aliyepita jeshini alijua ofisa anavyoongea. Mwaka 2004 akawa bosi wa chumba cha habari kwenye Anchorman, na mwaka 2008 akawa mkuu wa lile kampuni lililoijaza dunia takataka kwenye WALL-E. Mara nyingi ni mtu yule yule: ana kipaza sauti au cheo, na hajui kwamba hajui.

Kitu kingine kilichonigusa ni umri. Best in Show ilipotoka alikuwa na miaka kama 67. Mimi na wenzangu tunalia tukifika miaka 26 bila gari! Kwa kipindi cha Everybody Loves Raymond aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, na zote akazikosa. Zile Emmy za vipindi vya usiku hakuwahi kushinda hata moja. Aliendelea tu kwenda kazini. Alifariki tarehe 15 Mei 2020 akiwa na miaka 86, na kipindi chake cha Space Force kilitoka wiki mbili baadaye.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi waandishi tuwe kama Buck. Wapo tayari wa kutosha, wanakwenda kwenye mkutano hawajasoma hata barua ya mwaliko. Kuuliza kijinga kwa uvivu ni tusi kwa anayejibu na kwa msomaji. Ninachosema ni kwamba Fred alifanya kazi miaka mingi ili aweze kukaa pale na kuonekana mjinga bila kuogopa. Mimi nilifanya kazi miaka mitatu ya chuo ili nisionekane mjinga kamwe, na siku ile ujinga wangu nikamgawia mama mwenye nyumba akaununue gazetini.

Wiki mbili baadaye mradi ule ule ukaitiwa waandishi tena. Safari hii niliomba mapema ile ripoti, nikasoma nilichoweza. Mheshimiwa akarudia kwamba upembuzi yakinifu umekamilika. Nikanyoosha mkono, jasho linanitoka mgongoni. Nikasema, samahani mheshimiwa, naomba unisaidie kama unamweleza mama yako nyumbani: huo upembuzi umeona nini, na maji yatafika lini?

Nyuma yangu mtu akacheka. Mheshimiwa akanyamaza kidogo, akatazama karatasi zake. Halafu akajibu, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba inaonekana mradi unawezekana lakini fedha bado hazijapatikana, na kwa mwaka huu tusitegemee. Nikasikia kalamu zinakwaruza ukumbi mzima. Hata yule aliyecheka aliandika.

Jioni nikampelekea mama habari kabla gazeti halijatoka. Nilidhani atakasirika. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwanangu, nikanunue tanki. Nilikuwa nasubiri hayo maji yenu."

Tanki limeshafungwa, liko nyuma ya nyumba. Kila asubuhi nikichota maji ya kuoga namkumbuka Buck Laughlin na wale mbwa wake.